Waliondoa Ngazi Kwanza

Waliondoa ngazi kwanza, halafu ndipo wakaniinua mimi. Sitii chumvi. Nilikuwa nimelala ubavu kwenye tope nyuma ya nyumba yangu, mkono wa kulia umekwenda mahali ambapo mkono hauendi, na wanawake watatu wa boma letu wamekuja mbio waliposikia nikipiga mayowe. Mama mkwe wangu ndiye aliyefika mwanzo. Aliniangalia, akaangalia paa, akaangalia ngazi iliyoanguka kando yangu, kisha akawaambia wale wawili waibebe upesi waipeleke stoo kwake. Wakaibeba. Miguu yao ilipita karibu na uso wangu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Waliporudi ndipo mtu akaniuliza naumia wapi.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, mvua za Machi zilipoanza. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Busia, kwenye boma la mume wangu, katika nyumba ya matofali tuliyoijenga wenyewe. Bati moja la upande wa sebuleni lilikuwa limeng'oka misumari tangu Krismasi. Upepo ukija lilipiga makofi, mvua ikija liliingiza maji. Maji yenyewe yalichagua pa kudondokea, katikati ya sebule, juu ya kiti cha wageni.

Mume wangu anafanya kazi Malaba. Anawasaidia madereva wa malori na karatasi zao za forodha, amepanga chumba huko, na nyumbani anarudi Jumamosi. Nilimwambia kuhusu bati Januari. Akasema, nitaangalia. Na kweli aliangalia. Alisimama uani, mikono kiunoni, akalitazama paa kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshapiga misumari minne, kisha akaingia ndani akaomba chai. Februari nikamkumbusha, akaangalia tena. Nikamwambia basi aniletee fundi. Akasema fundi wa nini na yeye yupo. Siku ya Machi ninayoisimulia nilirudi kutoka kazini nikakuta godoro la watoto, nililoliegemeza ukutani likauke, limeloa upya. Nikatoa ngazi, nikachukua nyundo, nikapanda.

Kwetu mke hapandi juu ya nyumba. Anayepanda ni mwenye nyumba, au mwanawe wa kiume, au fundi aliyeitwa na mwenye nyumba. Mke akikanyaga paa la mumewe, inasemekana anamwita mumewe kaburini. Mimi ni mzaliwa wa Namboboto, mwiko huo niliujua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo mtu asije akanitetea kwamba nilipanda kwa kutojua. Nilipanda kwa hasira. Nilipiga misumari miwili, nikawa nashuka kufuata mingine, ngazi ikateleza kwenye tope.

Tuktuk ilipokuja kunichukua, mama mkwe aliingia nami. Njia nzima alinishika goti, na kila tulipogonga shimo nililia, naye alininong'oneza maneno yale yale. "Sema uliteleza bafuni. Unanisikia? Bafuni." Niliona ni aibu yake anayoifunika, si mimi. Bega linaning'inia kama nguo iliyotundikwa vibaya na yeye anafikiria majirani watasema nini. Kwa hiyo daktari aliponiuliza nilijibu kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nje kwamba nilianguka kutoka juu ya nyumba. Muuguzi aliyekuwa akiandika akaacha kuandika. Alikuwa mtu wa huku huku. Akamtazama mama mkwe wangu, mama mkwe akatazama sakafu.

Bega lilikuwa limeteguka, na picha ilionyesha ufa kwenye mfupa wa juu wa mkono. Walilirudisha mahali pake, na kuhusu dakika hiyo sina la kusema ila kwamba nilimtukana daktari matusi ambayo sikujua ninayo. Wakanifunga mkono kifuani, wakasema wiki sita. Tulipofika nyumbani jioni habari ilikuwa imeshatutangulia, na watu walikuwa wameketi uani kwangu wakinisubiri. Hakuna aliyesema pole ikaishia hapo. Kila pole ilikuwa na mkia. Pole, lakini wewe pia. Pole, lakini ulikuwa unatafuta nini huko juu.

Nilikuwa natafuta pa kupigilia msumari.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo alikuja. Huyu ni mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, na kwa kuwa ndiye mzee aliyebaki, neno lake ndilo neno la ukoo. Miaka kumi na miwili niliyokaa kwenye boma lile hakuwahi kuniuliza hata kama nimeamka salama. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha wageni akazungumza kwa muda mrefu. Alisema jambo si kubwa, linatengenezeka. Kuku mmoja atachinjwa kizingitini, ukoo utakuwepo, nami nitasema mbele ya wote kwamba nimekosa. Mpaka hapo hakuna mtu atakayegusa lile paa, na ngazi itakaa ilipo, stoo kwa mama. Na nisipoteze muda wangu hospitali, kwa sababu mkono uliokosea hauwezi kunyanyuka kabla ya mwenye mkono kuomba msamaha.

Kuku sikumnyima. Kuku ninao, tena wa kienyeji. Maneno ndiyo sikuwa nayo. Nikamuuliza, baba, nimekosa nini? Akasema naanza tena. Nikamuuliza kama mwanawe aliyeliacha bati miezi mitatu naye atasema amekosa. Akamgeukia mume wangu, akamwambia kwa upole kwamba maumivu yanamfanya mama watoto aongee hivi, kisha akaaga. Mume wangu alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisema yeye mwenyewe haamini mambo hayo, lakini ni ya wazee, tuwape wanachotaka yaishe. Nikamwambia kama haamini, apande apige misumari. Akasema ngazi haipo.

Hapo ndipo bega langu lilipogeuka kesi. Mkono ukipanda bila kuku, mimi ndiye mkweli. Usipopanda, wao ndio wakweli, na nitapiga magoti kizingitini kwangu niombe msamaha kwa kutaka watoto wangu walale pakavu. Nilijua hivyo, nao walijua hivyo. Kila niliyekutana naye njiani alitazama bega kabla ya kunitazama uso.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mjini, karibu na mpaka, na kazi ya msusi ni mabega. Watu hudhani ni vidole. Kusimama nyuma ya kiti kutwa nzima, viwiko juu, kichwa kimoja saa sita, hiyo yote inabebwa na bega. Wiki sita zilipokwisha na kitambaa kikafunguliwa, niliujaribu mkono ukanyanyuka mpaka usawa wa kifua, ukagoma. Nikarudi kazini hivyo hivyo. Nilitandika mkeka, nikakaa juu ya kiti kirefu, na wateja wakakaa chini kati ya magoti yangu, kama bibi zetu walivyosukana, viwiko vyangu vikiwa vimebana mbavu. Wengine walikubali. Wengine walitazama mkeka, wakasema watapita kesho, nikawaona kupitia dirishani wakiingia saluni ya ng'ambo ya barabara.

Waliobaki walikuja na maoni. Saluni haina siri, na hii yangu inahudumia nchi mbili. Mteja wangu mmoja wa upande wa Uganda, mwuza nyanya, alinihurumia sana, nyabo pole, yaani mama pole, halafu akaniambia polepole kwamba lisemwalo lipo. Mwingine alikuwa na shangazi aliyepanda nyumba kule Budalang'i wakati wa mafuriko, maji yalipojaa mpaka madirishani, na hata yeye alisafishwa baadaye. Nikamuuliza kama alipaswa abaki chini azame. Akasema hapana, alipaswa apande, halafu asafishwe. Mtu pekee aliyenituliza ni mama wa duka la vitambaa, jirani yangu, Mwislamu aliyezaliwa hapa hapa Busia. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama mlangoni na rula yake ya kupimia. "Sisi kwetu mwanamke akipanda juu anaambiwa ashuke asianguke," alisema. "Basi." Nilicheka mpaka bega likauma.

Hospitali walinipa mtu wa mazoezi, dada mdogo wa umri lakini mkali. Zoezi lake lilikuwa la kitoto kwa kuliangalia. Unasimama mbele ya ukuta, unaweka vidole juu yake, na vidole vinapanda vyenyewe taratibu mpaka bega linakataa. Hapo unahesabu thelathini, unashuka. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Nilichagua ukuta wa sebuleni. Kwa kipande cha mkaa niliweka alama kila Jumapili mahali kidole kirefu kilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya swichi ya taa. Ya tatu ilipita swichi. Ya tano ikafika chini ya kalenda ya kanisa. Juu ya kalenda kuna picha yetu ya harusi, na msumari wa ile picha ndio nilioufanya mpaka wangu. Siku nikiugusa, baba mdogo nitamwita mimi mwenyewe.

Mama mkwe alinikuta mara nyingi nikiwa hapo, uso ukutani, machozi yakinitoka kwa maumivu. Hakusema kitu. Alizitazama zile alama za mkaa zikipanda, akahamisha sufuria ya kukingia maji, akatoka. Nilimchukia kwa kule kunyamaza. Nimeandika nilimchukia na sifuti. Ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni kwake, ngazi ilikuwa ndani, na mvua ilikuwa inanyesha sebuleni kwangu.

Kisha bega likaganda. Juni nzima kidole kilifika chini ya kalenda. Julai, chini ya kalenda. Dada wa mazoezi alisema hilo hutokea, bega huganda miezi mingi halafu huachia, nisiache mazoezi. Lakini yeye hakuwa anaishi kwenye boma langu. Watu wa nyumbani waliziona alama zikiwa zimerundikana mahali pamoja kama siafu, na hawakuhitaji kusema. Kanisani mama mmoja alinishika mkono wa kushoto akaniambia hasira hasara. Nikamwambia hasara nimeshaipata, acha nibaki na hasira.

Agosti, siku ya Jumatano, nilipiga simu Malaba asubuhi, haikupatikana. Saa sita, haikupatikana. Saa nane nilikuwa na kichwa cha mteja nusu yake imesukwa, na nikajikuta vidole vimesimama. Nilikuwa nimeliona paa. Nilijiona nimesimama juu yake na nyundo, na chini yangu, ndani ya nyumba, mtu amelala. Sikuwahi kumwambia mtu hilo mpaka leo ninapoliandika. Nilimwomba mwenzangu amalizie kichwa kile, nikatoka. Njia yote ya kwenda Malaba nilikuwa najitukana. Mimi niliyemjibu baba mdogo, mimi niliyecheka na mama wa vitambaa, nilikuwa nahesabu miezi tangu Machi.

Malaba malori yalikuwa yamejipanga mpaka ng'ambo ya kituo cha mafuta, madereva wakipika chai chini ya matela. Niliulizia, nikaelekezwa zahanati moja nyuma ya soko. Mume wangu alikuwa kitandani, maji yakiingia mkononi. Malaria, tena mbaya, ilimpata tangu Jumatatu, na simu ilikufa chaji bila mtu wa kuichomeka. Macho yalikuwa ya njano, midomo imepasuka. Nilifurahi kumwona hai. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika paji la uso kwa mkono wa kushoto.

"Ulikubali wakufanyie?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. Akarudia, ile ya kuku, nilikubali? Alikuwa anaogopa. Huyu aliyekuwa haamini, huyu wa kuwapa wazee wanachotaka yaishe, alilala pale siku tatu akisubiri kufa kwa sababu nilipiga misumari miwili ambayo ilikuwa kazi yake. Nilitaka kumwambia kwamba mbu wa Malaba hawaulizi nani alipanda nyumba Busia. Nilitaka kumwambia kwamba angepanda Januari, bega langu lingekuwa zima, na hata malaria yake ingekuwa malaria tu. Lakini mtu ana maji mkononi. Nikamkoroga uji, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko nilikitoa kwa hasira. Alipomaliza bakuli nikamwambia ndiyo, nitakubali. Waite wazee Jumamosi ukitoka hapa. Akafumba macho akalala.

Nilirudi nyumbani nimeshindwa. Kesi imekwisha, na aliyeniangusha si bega. Nilipitia kwa mama mkwe kumpa habari za mwanawe. Nilimkuta jikoni kwake anachambua mboga, nikabaki mlangoni. Nikamwambia ni malaria, anaendelea vizuri, na kwamba Jumamosi atampata kuku wake na maneno yake, afurahi sasa.

Hakufurahi. Mikono yake ilisimama juu ya mboga. Aliniambia niketi, nikasema nitasimama. Basi akanisimulia nikiwa nimesimama.

Wakati huo alikuwa na watoto watatu, mume wangu akiwa wa mwisho, hajaanza kutembea. Nyumba ilikuwa ya nyasi. Baba mkwe alikuwa anafanya kazi Jinja, akirudi mara chache kwa mwaka. Upepo mkubwa ulikuja mchana ukachukua nyasi za upande mmoja, na mvua ikaonekana ikija kutoka ziwani. Alipanda. Alizirudisha nyasi, akazifunga kwa kamba, akaziwekea magogo. Majirani walimwona kutoka mashambani kwao, na walipofika walikaa wakamtazama mpaka aliposhuka mwenyewe, ili wawe mashahidi. Mumewe alipoitwa kutoka Jinja, alikuja na kikohozi.

"Nilitoa kuku," mama mkwe alisema. "Nikapiga magoti, nikasema nimekosa, mbele ya watu wote. Na bado alikufa. Hata mwaka haukuisha."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu, kwa nini basi ananitaka mimi nifanye kitu ambacho anajua hakifanyi kazi.

Alirudia kuchambua mboga, akatupa jani zima pamoja na bua.

"Kama haifanyi kazi, basi mimi nimebeba hii kitu bure," alisema. "Miaka yote hiyo. Watu wakiniangalia, mimi nikijiangalia." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi hakuna mtu aliniondolea ngazi."

Nilikaa. Palikuwa na gogo karibu na mlango, nikakaa hapo. Nilikumbuka ile miguu ikipita usoni pangu kwenye tope, na goti langu ndani ya tuktuk, na ile bafuni, bafuni. Alikuwa amenipa uongo ambao yeye hakuupata, na mimi niliutupa mbele ya benchi zima la hospitali kwa kiburi. Nilipaswa kulainika, najua. Badala yake hasira ilipanda upya, safari hii kwa ajili yake. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mvua inakuja, watoto watatu ndani, na watu wazima wameketi chini wanamtazama ili wawe mashahidi. Sikumwambia hayo. Nilimwambia mboga imeisha kuchambuliwa, na kweli ilikuwa imeisha.

Jumamosi walikuja. Baba mdogo na wazee wengine wawili, shemeji zangu, wake zao, mume wangu mwenyewe amekonda ndani ya shati. Kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito hawakukaa uani, waliingia sebuleni. Baba mdogo alielekea moja kwa moja kwenye kiti cha wageni. Sufuria ilikuwa imekaa juu yake. Aliishusha mwenyewe, akaiweka sakafuni, akaketi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kizingiti kama nilivyoelekezwa, mgongo kwenye alama zangu za mkaa. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Niliyarudia asubuhi nzima ili nikiyasema yasinikabe.

Alianza kwa sala, akaendelea na historia ya ukoo. Alikuwa amefika kwa babu wa babu mvua iliponyesha. Tone la kwanza lilimpiga kwenye kipara. Alijifuta, akaendelea. La pili, la tatu. Akasogeza kiti kidogo kushoto bila kukatiza hotuba, na maji yakamfuata begani. Hakuna aliyecheka. Mke wa shemeji yangu mmoja aliinama akatazama viatu vyake kwa makini sana. Baba mdogo akasogeza kiti tena, akasema sasa tusichelewe, mama wa nyumba alete kuku, na huyu mke aseme alichokuja kusema.

Mama mkwe alinyanyuka akatoka. Tulimsikia akifungua kufuli ya stoo, jambo ambalo lilinishangaza kwa sababu kuku hawakai stoo. Kisha tukasikia kitu kikiburutwa uani, kikigonga mawe. Kilipita nje ya dirisha, na nikaiona ncha ya ngazi ikienda yenyewe kana kwamba haina mtu, kwa vile yeye ni mfupi. Iligonga ukuta wa nyumba juu ya vichwa vyetu. Akarudi, amelowa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, akasimama mlangoni.

"Huyu hajakosa kitu," alisema. "Nyumba ilikuwa inavuja."

Baba mdogo akamwambia aketi, jambo hili lina utaratibu wake. Hakuketi. Akasema na ile yake pia ilikuwa inavuja. Maji yaliendelea kudondoka kwenye kile kiti. Wazee wale wawili walikuwepo siku ile ya nyasi, nilihesabu umri wao nikajua lazima walikuwepo, na mmoja wao alianza kutafuta kofia yake. Mama mkwe akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Panda," akamwambia.

Mume wangu akamtazama baba mdogo. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeyameza yale maneno na sikuwa na mengine ya kumpa. Akatoka.

Nilimfuata na nyundo na kopo la misumari. Manyunyu yalikuwa bado yanashuka, tope ni lile lile, kwa hiyo mama mkwe alikuwa ameshaikumbatia ngazi upande mmoja na uzito wake wote. Nikaishika upande wa pili. Mume wangu alipanda polepole kama mgonjwa aliyekuwa, akafika juu, akalala kifudifudi kwenye bati, akateremsha mkono akaomba nyundo. Nikamnyooshea kwa mkono wa kushoto. Haukumfikia, kwa sababu ulikuwa upande wa mbali naye, na wa kulia ndio ulioshika ngazi. Akaomba tena. Sikufikiri. Nilibadilisha mikono, nikampa.

Vidole vyake viliposhika mpini ndipo nilipoona mkono wangu wa kulia ulipo. Ulikuwa juu ya kichwa changu. Haukuwa umenyooka, na ulitetemeka, na maumivu yalishuka mpaka kwenye mbavu, lakini kalenda ilikuwa chini huko, na msumari wa picha pia. Mama mkwe aliuona. Aliikaza ngazi.

Mume wangu naye akauona kutoka juu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Malaba. Akasema, umeona, umepona.

Nikamwambia apige misumari. Ile yangu miwili aiache ilivyo, imeshika vizuri, aongeze mingine pembeni, na asishuke mpaka amalize.